Enter kwenye kisanduku cha maandishi: njia nne, na ipi inakufaa

Mwenye duka la pembejeo pale Uyole anafungua ukurasa wa matangazo kwenye simu, anaandika hivi, kisha anabonyeza Hifadhi:

Mbegu za viazi zimefika
Uyole na Isongole
Siku za mauzo: Jumanne na Ijumaa

Saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri

Ukurasa unamrudishia hivi:

Mbegu za viazi zimefika Uyole na Isongole Siku za mauzo: Jumanne na Ijumaa Saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri

Hapo fundi wa tovuti atapigiwa simu: "Kijana, mbona tangazo langu limeshikana?" Ukweli ni kwamba hakuna kilichopotea. Mistari yake ipo salama kwenye hifadhidata. HTML, lugha inayopanga kurasa za tovuti, ndiyo yenye tabia hiyo: nafasi, tabo na mistari mipya ikifuatana, vyote huonyeshwa kama nafasi moja. Tabia hiyo inamsaidia anayeandika msimbo, kwa sababu anaupanga apendavyo bila kuharibu ukurasa. Anayeandika tangazo ndiye anayeumia.

Dawa zipo kadhaa, na mafundi wa tovuti hawakubaliani juu ya ipi ni bora. Hapa ninalinganisha nne: `textarea` (kisanduku cha HTML cha kuandikia mistari mingi) ya kawaida inayohifadhi maandishi matupu, `textarea` yenye Markdown (alama chache za kupamba maandishi), `contenteditable` (kuandika papo hapo juu ya ukurasa), na kihariri kamili chenye vitufe vyake. Kila moja ina mahali pake, na kila moja inaweza kukutesa ukiipeleka pasipo pake.

Nitazipima kwa nini

Kwanza, nini hasa kinahifadhiwa mtu akibonyeza Enter. Pili, kama njia hiyo inatumika vizuri kwenye simu, maana wateja wengi wa kwetu hawaandiki kwenye kompyuta. Tatu, nini kinatokea mtu akibandika maandishi aliyoyanakili kutoka WhatsApp au Word. Nne, maandishi yanakwenda wapi baada ya hapo: yanabaki kwenye ukurasa tu, au yatatumwa kwa SMS, yataingia Excel, yatachapwa na kubandikwa ukutani? Tano, kazi na hatari anayobeba fundi.

Kigezo cha nne ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine, na ndicho kinachosahaulika. Tovuti ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi na tovuti ya nyumba ya wageni Tukuyu zinaweza kuwa na kisanduku kinachofanana kabisa kwa sura, lakini maandishi ya ile ya kwanza yataishia kwenye simu ya tochi ya mkulima. Tofauti hiyo peke yake inabadilisha jibu.

Neno moja la msingi kabla ya kuanza. Chini ya Enter kuna alama mbili zisizoonekana, urithi wa teletype, mashine za zamani za kuchapa ujumbe uliotumwa kwa waya: CR, namba 13 katika ASCII (jedwali la namba za herufi), iliyorudisha kichwa cha kuchapa mwanzo wa mstari, na LF, namba 10, iliyosogeza karatasi juu. Windows ilibaki na zote mbili kwa pamoja. Linux, Android na Mac za leo hutumia LF peke yake. Notepad ya Windows yenyewe ilikuja kuielewa LF iliyo peke yake mwaka 2018. Usidhani basi kwamba ni habari za kale.

1. Textarea ya kawaida, maandishi matupu

*Kinachohifadhiwa.* Hapa Enter ni Enter, mstari mpya na basi. Lakini kuna jambo la kuangalia kwa makini. Ndani ya kivinjari, ukisoma thamani ya `textarea` kwa JavaScript, kila mstari mpya ni LF moja. Fomu ikitumwa kwa njia ya kawaida, kivinjari hubadilisha kila LF kuwa CR na LF. Ukituma kwa JavaScript katika muundo wa JSON, LF inabaki kama ilivyo. Yaani kisanduku kile kile, maandishi yale yale, seva inapokea vitu viwili tofauti kutegemea njia uliyotumia kutuma.

Athari yake inaonekana hivi. Umeweka kikomo cha herufi, `maxlength="500"`. Mteja ameandika hadi mwisho, herufi 500 kamili, 12 kati ya hizo zikiwa mistari mipya. Kivinjari kimeridhika. Seva inapokea 512. Kama safu yako kwenye hifadhidata ni `VARCHAR(500)`, yaani inabeba herufi 500 tu, tangazo litakataliwa au litakatwa mkia, na mteja atakuonyesha kwenye skrini kwamba hakuzidisha. Atakuwa na haki. Dawa ni kuweka mlinzi mlangoni: kila maandishi yanayoingia seva, badilisha CR+LF iwe LF, badilisha na CR iliyo peke yake iwe LF, ndipo uhesabu, ndipo uhifadhi. Fanya hivyo sehemu moja tu ya msimbo.

Kuonyesha ndiko kwenye ubishi. Wengine hutumia CSS (lugha ya mwonekano wa ukurasa), `white-space: pre-wrap`, inayoheshimu mistari mipya na nafasi zote, au `pre-line`, inayoheshimu mistari mipya lakini inabana nafasi zilizorundikana. Wengine, hasa waliolelewa na PHP, hutumia `nl2br`, inayoweka tagi ya `<br>` kabla ya kila mstari mpya. Zote zinafanya kazi. Mimi naegemea CSS, kwa sababu haigusi maandishi yenyewe. Anayetumia `nl2br` akumbuke mambo matatu. Kwanza, `htmlspecialchars` (inayogeuza alama za HTML ziwe maandishi ya kawaida) itangulie, `nl2br` ifuate. Ukiipindua, tagi zako mwenyewe zitaonekana kama maandishi; ukiiacha `htmlspecialchars`, utaacha mlango wazi kwa mtu kupenyeza msimbo wake. Pili, `nl2br` haiondoi mstari mpya wa asili, inaongeza tu `<br>` mbele yake, kwa hiyo ukiiweka pamoja na `pre-wrap` kila mstari utaruka mara mbili. Tatu, itumike wakati wa kuonyesha, kamwe isitumike wakati wa kuhifadhi. Ukihifadhi yenye `<br>`, siku mteja akitaka kurekebisha tangazo atakutana na mabano ya ajabu katikati ya maneno yake, na atayafuta nusu.

`pre-wrap` nayo ina mtego wake. Fundi nadhifu hupanga HTML kwa kuingiza ndani: anafungua `<div>`, anashuka mstari, anaingiza nafasi nane, ndipo anaweka tangazo. Chini ya `pre-wrap` ule mstari na zile nafasi nane ni sehemu ya maandishi, kwa hiyo tangazo linaanza na mstari mtupu na pengo la ajabu upande wa kushoto. Bana tagi na maandishi pamoja, bila chochote katikati. Na kinyume chake kipo ndani ya `textarea`: mstari mpya unaofuata mara moja baada ya tagi ya kufungua humezwa na kivinjari. Mtu aliyeanza tangazo kwa mstari mtupu makusudi ataukuta umetoweka akirudi kurekebisha. Weka mstari mpya mmoja wa ziada baada ya tagi, huo ndio umezwe.

*Kwenye simu.* Hakuna inayoizidi. Kitufe cha Enter kinashuka mstari kwenye kila kibodi, hakuna cha kufundisha. Tatizo lake la zamani ni kimo: kisanduku cha mistari miwili kwenye skrini ndogo kinamfanya mtu aandike bila kuona alichoanza nacho. CSS sasa ina `field-sizing: content`, inayokuza kisanduku kadiri mtu anavyoandika, Chrome iliipokea mwaka 2024. Pale isipokubalika kisanduku kinabaki na kimo cha kawaida, kwa hiyo haina hasara. Mpe `rows="6"` pia.

*Kubandika.* Rangi, ukubwa wa herufi na mapambo mengine huachwa nje; mistari hubaki. Nyota za WhatsApp zinazokoza maneno zitabaki nyota.

*Maandishi yakitoka nje.* Hapa ndipo njia hii inapolipa. Tangazo la mbegu za viazi hapo juu lina herufi 104 na mistari mipya minne. Ukilituma kwa SMS lenye LF, ni 108. Lenye CR na LF, ni 112. Alfabeti ya kawaida ya SMS inazo alama zote mbili na huhesabu kila moja, na kikomo ni 160 kwa ujumbe mmoja. Nne si nyingi, lakini orodha ya bei yenye mistari ishirini inapoteza karibu ishirini, na ukivuka 160 unalipia ujumbe wa pili kwa kila mwanachama. (Ukiwa hapo, chunga na zile alama za kunukuu zilizopinda zinazoletwa na Word: moja tu inatosha kuutoa ujumbe kwenye alfabeti ya kawaida, na kikomo kinashuka hadi 70.) Kwa kitufe cha kuagiza kupitia WhatsApp, mstari mpya ndani ya kiungo uandikwe `%0A`, `encodeURIComponent` ya JavaScript itakufanyia. Kwa Excel, maandishi yenye mistari ndani ya faili la CSV lazima yafungwe kwenye alama za kunukuu, la sivyo tangazo moja litagawanyika safu mlalo tano.

*Kazi na hatari.* Ndogo. Geuza alama za HTML unapoonyesha, na umemaliza.

*Inamfaa nani.* Matangazo, maoni, maelezo ya oda, anwani. Na mashairi. Mwalimu wa Iringa anayeweka mashairi ya wanafunzi wake anahitaji mishororo minne ya tarbia ibaki minne, na mstari mtupu kati ya ubeti na ubeti. Kuna ugumu mmoja tu: mshororo wa mizani 16 hautoshi kwenye upana wa simu, unajikunja wenyewe, na msomaji anadhani ubeti una mishororo minane. Hapo itabidi wakati wa kuonyesha ukate maandishi kwa kila LF, kila mshororo uuwekee tagi yake, na sehemu iliyojikunja uiingize ndani kidogo kwa CSS. Kilichohifadhiwa hakibadiliki.

Angalizo dogo: haya yote hayahusu `<input type="text">`. Hiyo ni ya mstari mmoja na huondoa mistari mipya. Mtu akibandika humo anwani ya mistari mitatu, yenye S.L.P., kata na wilaya, mpangilio wake umekwenda.

2. Textarea yenye Markdown

*Kinachohifadhiwa.* Bado ni maandishi matupu, ila yenye kanuni. Markdown ilitolewa na John Gruber mwaka 2004, na kanuni yake ya mistari inawashangaza wengi: Enter moja si mstari mpya. Mistari miwili iliyofuatana huunganishwa kuwa aya moja. Ukitaka aya mpya, acha mstari mtupu. Ukitaka kushuka mstari ndani ya aya, weka nafasi mbili mwishoni mwa mstari, au, kwa wanaofuata CommonMark (Markdown iliyosanifiwa), alama ya mkwaju wa nyuma (`\`).

*Kwenye simu.* Nafasi mbili! Kibodi nyingi za simu hugeuza nafasi mbili kuwa nukta na nafasi. Mteja anafuata maelekezo yako neno kwa neno na tangazo linajaa nukta. Vigeuzi vingi (programu zinazogeuza Markdown kuwa HTML), marked na markdown-it vikiwemo, vina chaguo la `breaks` linaloifanya Enter moja iwe mstari mpya. Kama waandishi wako wanatumia simu, liwashe bila kujadili.

*Kubandika.* Maandishi matupu yanaingia salama, lakini alama zinaweza kupata maana ambayo mwandishi hakuikusudia. Aliyefundishwa shuleni kuanza aya kwa kuingiza ndani, akibonyeza nafasi nne, aya yake itageuka kuwa kisanduku cha msimbo chenye herufi za mashine. Mstari unaoanza na alama ya reli (`#`) na nafasi utakuwa kichwa kikubwa cha habari.

*Maandishi yakitoka nje.* Yanasomeka. Kwenye SMS zitaonekana nyota na vistari, si balaa.

*Kazi na hatari.* Unahitaji kigeuzi, na kigeuzi hutoa HTML. Vingi huruhusu HTML ghafi ipite, kwa hiyo matokeo yasafishwe kabla ya kuonyeshwa.

*Inamfaa nani.* Mtu anayeandika mara kwa mara, mwenye kompyuta, aliye tayari kujifunza: mhariri wa jarida la chuo, fundi anayeandika maelezo ya mfumo wake, kikundi cha wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) wenye mradi wao. Mtu anayeandika tangazo moja kwa mwezi atakuwa amesahau kanuni kila anaporudi.

3. Contenteditable

Hapa unachukua tagi yoyote, kwa mfano `<div>`, unaiongezea `contenteditable`, na mtu anaandika papo hapo kwenye ukurasa. Inavutia. Mwenye nyumba ya wageni anagusa maelezo ya chumba na kuyarekebisha pale pale wageni wanapoyaona, bila fomu wala ukurasa wa pembeni.

*Kinachohifadhiwa.* Hili ndilo eneo lenye miiba mingi. Enter haikupi LF, inakupa HTML, na HTML hiyo ni uamuzi wa kivinjari. Chrome na Safari huweka `<div>`. Firefox kwa miaka mingi iliweka `<br>`, hadi toleo la 60 la mwaka 2018 ilipohamia kwenye `<div>`. Internet Explorer ilikuwa ikiweka `<p>`. Kwa hiyo hifadhidata ya tovuti iliyoishi muda mrefu inaweza kuwa na aina zote tatu. Tangazo letu, likiandikwa kwenye Chrome, linakuwa hivi:

```
Mbegu za viazi zimefika
<div>Uyole na Isongole</div>
<div>Siku za mauzo: Jumanne na Ijumaa</div>
<div><br></div>
<div>Saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri</div>
```

(Nimeshusha mistari ili usome; kwenye uhalisia vyote vimeungana.) Tazama mstari wa kwanza: hauna `<div>`, uko uchi. Na mstari mtupu ni `<div>` yenye `<br>` ndani. Sasa jaribu kupata maandishi matupu kutoka humo. Ukitumia `textContent` unapata "zimefikaUyole na IsongoleSiku za mauzo", maneno yamegandana, kwa sababu `textContent` haijui kwamba `<div>` ni mstari. Ukitumia `innerText` mistari inakuja, lakini ule mtupu mmoja unatoka miwili: `<br>` inatoa wake, na mipaka ya `<div>` inatoa mingine. Kama, ukifungua tena kwa kurekebisha, msimbo wako hugeuza kila mstari kuwa `<div>`, miwili inarudi minne. Kila mteja anapohifadhi, tangazo linarefuka katikati, na hakuna aliyegusa kitu.

Kuna ahueni. `contenteditable="plaintext-only"` hukataa mapambo yote na kubaki na maandishi. Chrome na Safari walikuwa nayo kwa muda mrefu. Firefox iliiongeza toleo la 136, Machi 2025. Iambatanishe na `white-space: pre-wrap` na sehemu kubwa ya miiba hii inaondoka. Kama wateja wako wana vivinjari vya zamani, jaribu kwanza kwenye simu zao, si yako.

*Kwenye simu.* Wastani. Kuandika kunakwenda, ila msimbo unaosubiri kitufe cha Enter kwa `keydown` unaweza kukwama: kwenye Chrome ya Android, kibodi mara nyingi hutoa namba 229 badala ya namba halisi ya kitufe, na hujui kilichobonyezwa. Sikiliza tukio la `beforeinput` badala yake. Aina za `insertParagraph` na `insertLineBreak` ndizo zinazokuambia mtu ameshuka mstari. Na yale maelezo ya "tumia Shift+Enter" yafute kabisa kwenye ukurasa. Kwenye simu, Shift ni ya herufi kubwa.

*Kubandika.* Bila `plaintext-only`, kila kitu kinaingia: rangi, fonti, tagi za Word zisizo na mwisho. Itakubidi ukamate tukio la `paste` na kuchukua `text/plain` peke yake.

*Maandishi yakitoka nje.* Lazima uyageuze kwanza, na kugeuza ndiko kwenye shida zote nilizozitaja. Kwa SMS sikushauri.

*Kazi na hatari.* Kubwa kuliko inavyoonekana. Tagi hiyo haitumwi na fomu, kwa hiyo unanakili maandishi kwenye kisanduku kilichofichwa kabla ya kutuma. Aina yake kwa wanaotumia kisoma-skrini uiweke mwenyewe kwa `role="textbox"` na `aria-multiline="true"`. Na ukihifadhi HTML ghafi kutoka kwa mtu yeyote, isafishe kwenye seva.

*Inamfaa nani.* Kurekebisha vipande vifupi mahali vilipo: kichwa cha habari, maelezo ya chumba, jina la bidhaa. Na mafundi wanaojenga kihariri chao wenyewe na wana muda wa kufanya hivyo.

4. Kihariri kamili

TinyMCE, CKEditor, Quill, Lexical ya Meta, ProseMirror ya Marijn Haverbeke. Hivi vimejengwa juu ya `contenteditable`, ila mtu mwingine amekwisha kupambana na miiba kwa niaba yako.

*Kinachohifadhiwa.* Kinategemea ulichochagua, na hapa usome maelezo kabla ya kufunga chochote. TinyMCE na CKEditor hutoa HTML: Enter ni `<p>` mpya, Shift+Enter ni `<br>`. Quill ina muundo wake, Delta, ambamo kila mstari unaishia na LF na waraka wote lazima umalizikie na LF. Huo wa mwisho unachanganya wanaopima kama kisanduku ni kitupu, kwa sababu kisanduku kitupu cha Quill kina herufi moja. ProseMirror na Lexical huhifadhi mti wa waraka, kwa kawaida kama JSON.

Mteja wa kawaida ataona jambo moja: Enter inaacha pengo kubwa. Ni kwa sababu `<p>` ina nafasi juu na chini. Atasema "nataka mistari ikaribiane", na kwenye simu hana Shift+Enter. Punguza `margin` ya `<p>` ndani ya kihariri na kwenye ukurasa wa kusoma, zote mbili zifanane. Malalamiko mengi ya "nilichoandika sicho kilichotoka" yanatoka hapo tu.

*Kwenye simu.* Inawezekana, ila ni nzito. TinyMCE na CKEditor ni mamia ya kilobaiti kabla ya kubanwa, na mtu wa Isongole anayeandika kwa bando la siku mtandao ukisuasua atasubiri. Vitufe navyo vinakula nusu ya skrini. Acha vinne au vitano.

*Kubandika.* Hapa vinashinda vyote. Kubandika kutoka Word hutunza vichwa, orodha na mkazo, na hutupa takataka nyingi.

*Maandishi yakitoka nje.* Yakienda kuchapwa au kwenye barua pepe, vizuri. Yakienda SMS, kazi ipo: `</p>` iwe mistari mingapi? `<li>` iwe nini? Jedwali je? Lazima uamue, na uamuzi wako hautampendeza kila mtu.

*Kazi na hatari.* Kufunga ni rahisi, kutunza ni kwa miaka: matoleo mapya, leseni zinazobadilika, HTML ya zamani isiyofunguka kwenye toleo jipya. Na usafishaji kwenye seva ni lazima, hata kama kihariri kinajisafisha, kwa sababu mwenye nia mbaya hatapita kwenye kihariri chako.

*Inamfaa nani.* Taasisi yenye mwandishi wa kudumu, kompyuta, na nyaraka ndefu zenye vichwa na picha: taarifa za halmashauri, habari za chuo, mafunzo ya kilimo yenye jedwali la mbolea.

Kwa hali yako

Kama maandishi yatatoka nje ya ukurasa kwa SMS, WhatsApp au CSV, anza na njia ya kwanza na uwe na sababu nzito sana ya kuiacha. Hifadhi LF, onyesha kwa `pre-wrap`, badilisha kwa ajili ya njia nyingine wakati wa kutuma tu.

Kama waandishi wako ni wengi, wanabadilika, na wote wako kwenye simu, bado ni ya kwanza. Wakitaka maneno mazito na orodha, Markdown yenye `breaks` ikiwa imewashwa na vitufe viwili vitatu juu ya kisanduku inatosha.

Kama ni mtu mmoja au wawili waliozoea kompyuta, na unataka maandishi yatakayofunguka hata ukibadilisha mfumo mzima, Markdown inawafaa kuliko kihariri.

Kama mwenye biashara anataka kugusa na kurekebisha papo hapo, na vipande ni vifupi, `contenteditable="plaintext-only"`. Ikiwa kuna nafasi kwamba siku moja atataka picha katikati ya maelezo, muulize leo, maana hapo utahitaji njia ya nne.

Kama kuna mwandishi wa kulipwa na makala za kurasa kadhaa, chukua kihariri kamili, upunguze vitufe, usawazishe nafasi za aya, na uhifadhi pia nakala ya maandishi matupu kwenye safu ya pembeni kwa ajili ya kutafuta.

Na kama tayari una hifadhidata iliyochanganyika, yenye `<br>`, `<div>` na CR ndani ya safu moja, usianze kwa kuchagua njia mpya. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, andika msimbo mdogo wa kugeuza kila aina kuwa LF, uujaribu kwenye matangazo yenye mistari mitupu katikati, linganisha idadi ya mistari kabla na baada, ndipo ubadilishe kisanduku.